Vijiti Visivyo na Tundu

Mama Vunja alikuwa na misonyo mitatu, na kiwanda kizima kiliijua. Mfupi ulikuwa wa mtu aliyechelewa kazini. Mrefu ulikuwa wa mtu aliyeuliza swali la kijinga. Wa tatu ulianzia kooni, ukapita puani na kusikika mpaka kwa mlinzi wa geti, na huo alimwekea Meneja peke yake.

Kazi yake ilikuwa kuvunja. Kiwanda chenyewe kilikuwa banda refu la mabati ambamo plastiki ngumu za zamani ziliyeyushwa upya: bampa za magari, gia za mashine, ndoo zilizopasuka, maganda ya feni. Zilioshwa, zikasagwa, zikayeyushwa, zikatoka upande wa pili zikiwa punje ndogo kama mchele, na punje hizo ndizo zilizofinyangwa kuwa vitu vipya. Lakini kabla punje hazijaenda kokote, Mama Vunja alizitia kwenye kalibu yake ndogo ya mkono, akatoa vijiti vya urefu wa kiganja, akavibana kwenye jiliwa kimoja kimoja na kuvipiga nyundo. Kijiti kikipinda na kuchanika kwa taabu, kikitoa nyuzi nyeupe, aligonga muhuri wake wenye neno moja, IMARA. Kikikatika tap na kubambuka matabaka kama kitunguu, mzigo wote ulirudi ulikotoka, na aliyeuleta alirudi nao amenywea.

Kwa miaka ishirini na miwili hakuna mteja aliyewahi kurudisha mzigo wenye muhuri ule. Mama Vunja hakuwa na nyumba ya kujivunia wala mume wa kusimulia. Marehemu alikuwa mtu wa kulala tu, na alipokufa tofauti haikuwa kubwa. Alikuwa na muhuri. Aliubeba kwenye mfuko wa aproni, na jioni alikwenda nao nyumbani, eti kiwandani kuna wezi.

Watu aliwadharau kwa zamu. Waosha plastiki aliwadharau kwa sababu walitupa kila kitu kwenye beseni moja. Wapakiaji aliwadharau kwa kukalia magunia ya punje kana kwamba ni magodoro. Yeye mwenyewe alianzia beseni hilohilo, akitenganisha plastiki kwa maji: polipropilini ya ndoo huelea, nailoni ya gia huzama. Zilizomtatiza alizichoma ncha kwa kiberiti na kunusa moshi. Nailoni ikiungua hunuka nywele, polipropilini hunuka mshumaa. Hakuna aliyemfundisha. Shule aliiacha darasa la saba, na tangu siku hiyo hakukutana na msomi aliyemzidi pua.

Meneja, basi, alikuwa msomi. Alikuwa mpwa wa Bosi, mzee mwenye kiwanda, na alirudi kutoka masomoni na cheti cha biashara, viatu vya ncha kali, na neno moja tu: changanya. Nailoni imejaa ghalani, polipropilini ni ya bei nafuu, basi changanya. Wafanyakazi hawakumaliza wiki kabla ya kumbatiza Bwana Changanya.

"Lakini mama, si vyote vinayeyuka?" alimuuliza Mama Vunja siku ya kwanza, akitabasamu kama mtu anayemwelewesha bibi matumizi ya simu.

"Vinayeyuka, ndiyo. Na maji na mafuta vyote ni vya kumiminika. Vitie chupa moja, tikisa mpaka mkono uume, kisha kaa chini usubiri uone."

"Hiyo ni tofauti."

"Tofauti iko wapi?"

Bwana Changanya akatazama saa yake. Alikuwa akitazama saa kila anapokosa jibu, na Mama Vunja alishangaa kwamba saa ile haijachakaa.

Ukweli ni kwamba plastiki nyingi hazipatani hata zikiwa za moto. Ukiziyeyusha pamoja, nailoni hujikunyata vitone vitone ndani ya polipropilini, na zikipoa kila moja inakaa kivyake, ingawa kwa nje zinang'aa na kupendeza. Ndiyo maana kulikuwa na mifuko midogo ya punje nyeupe za gharama, ambazo wafanyakazi waliziita mshenga, kwa kuwa upande mmoja zinashika nailoni na upande wa pili zinashika polipropilini, na kuzifanya zikae nyumba moja bila kupigana. Kipimo kilikuwa kilo tano za mshenga kwa kila kilo mia. Bwana Changanya aliona mifuko ile, akasema huo ni ubadhirifu, akaamuru kilo mbili na nusu.

Hapo ndipo mambo yalipoanzia, kwa sababu mzigo wenyewe haukuwa wa mabeseni. Zilikuwa kofia ngumu mia nane za mafundi wa ujenzi, na mwenye kuzitaka angezifuata Ijumaa. Mpaka wakati huo kofia zao zilitengenezwa kwa plastiki ya aina moja tu. Hizi zilikuwa za kwanza za mchanganyiko.

Jumatatu Mama Vunja aliletewa punje za mshenga nusu, akavaa miwani, akashika nyundo kwa furaha ya mtu anayekwenda kumzika adui. Alitengeneza vijiti kumi, akavunja. Vilipinda na kuchanika vizuri, nyuzi nyeupe kama kawaida. Akatengeneza kumi vingine. Akaviloweka kwenye maji ya barafu, akavunja tena. Mpaka saa sita alikuwa amevunja vijiti arobaini, mkono unamuuma, na hakuna hata kimoja kilichobambuka. Bwana Changanya alipita mara tatu mlangoni, na mara ya tatu akapiga mluzi.

Kudanganya hakuweza. Yeye ndiye aliyekuwa akisema kila siku kwamba watu wote wana midomo lakini kijiti hakina, na kwa hiyo kijiti hakisemi uongo. Basi akautoa muhuri, akaugonga kwenye gunia la punje kwa nguvu hata meza ikaruka. IMARA. 

Jumatano, akiwa bado na nyongo hiyo, alijiwa na Kitufe.

Kitufe alikuwa mwendeshaji wa mashine ya kufinyanga kofia, na jina hilo alipewa na Mama Vunja mwenyewe, kwa kuwa kazi yake yote, kwa maoni yake, ilikuwa kubonyeza kitufe, kusubiri, na kubonyeza tena. Bahati mbaya alikuwa pia mkwewe. Binti yake wa pekee, aliyeweza kumpata mtu yeyote, alimchagua huyu, mtu wa maneno matano kwa siku, mawili kati yake yakiwa "haya, mama." Waliishi ua mmoja, vyumba vyao viwili vikitazamana na mlango wake, na kila asubuhi Mama Vunja alilazimika kumwona akipiga mswaki kwa uangalifu kana kwamba meno ni ya kuazima.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nini?"

Kitufe alikuwa ameshika kofia mpya ya njano, ameipakata kwa mikono miwili. Alisimama mbali kidogo, kama mtu asimamavyo mbele ya mama mkwe, macho chini.

"Samahani, mama. Kwenye haya matundu ya kupitisha hewa. Nyuma ya kila tundu kuna mstari."

"Mstari."

"Kama unywele. Plastiki ikiingia kwenye kalibu inakuja moja, lakini ikifika kwenye tundu inagawanyika, halafu inakutana tena upande wa pili. Hapo inapokutana..."

"Mstari huo upo tangu kofia ya kwanza kutoka kiwandani hapa," Mama Vunja alimkata. "Ulikuwa hujazaliwa kikazi. Kila chenye tundu kina mstari. Leo ndiyo umeuona?"

"Upo, mama, ni kweli. Ila zamani ilikuwa plastiki moja, inakutana na mwenzake. Sasa ni hizi mbili. Nimejaribu kwa gumba, na..." Akapitisha gumba kwenye tundu. "Na kwenye vijiti vyako, mama, plastiki inaingia kutoka ncha moja tu, haikutani popote. Havina tundu."

Msonyo wa tatu, ule wa Bwana Changanya, ukamtoka Mama Vunja bila hata kuuita. Vijiti vyangu! Arobaini nimevunja, mkono hauinuki, nimemeza tusi la yule kijana mwenye viatu vya ncha, halafu huyu anakuja kuniambia vijiti vyangu havina tundu!

"Wewe nani kakufundisha kupima?"

"Hakuna, mama."

"Basi rudi kwenye mashine yako, kabonyeze kitufe."

Kitufe alinyoosha mikono kidogo, akimpa ile kofia. Mama Vunja hakuipokea. Hakuigusa hata kwa kidole. Alimpa kisogo, akaanza kupanga nyundo zake ambazo zilikuwa zimepangika tayari, na nyuma yake akasikia sauti ileile iliyomchosha kwa miaka sita.

"Haya, mama."

Mkwe mwingine angerudi. Angekwenda kwa Bosi, angepiga kelele. Lakini mwanamume hamkatalii mama wa mke wake mara mbili, hasa kama anapita mbele ya mlango wake kila siku kwenda kuoga. Kitufe alirudi kwenye mashine, akabonyeza. Mpaka Alhamisi jioni kofia mia nane zilikuwa zimepangwa ukutani, zinang'aa kama malimau.

Ijumaa asubuhi mteja alifika. Alikuwa fundi mkuu wa majengo, mwanamume mnene mwenye kovu refu juu ya sikio, aliyekuja na lori na vijana wawili wa kupakia. Bosi alitoka ofisini kumpokea. Bwana Changanya akaanza kumwaga maneno: teknolojia, ubora, ushindani. Fundi mkuu alimsikiliza kama mtu anayesubiri mvua ipungue, kisha akauliza:

"Nani anazidhamini hizi?"

"Kampuni yetu, kwa ujumla wake, kupitia mfumo..."

"Nimeuliza nani."

"Mimi," alisema Mama Vunja.

Alisema hivyo akiwa mlangoni, aproni imenyooka, muhuri mfukoni. Ilikuwa raha kubwa kumwona kijana yule akifunga domo. Tena akataka raha iongezeke. Nyuma ya banda kulikuwa na gogo lililochongwa kwa umbo la kichwa, na juu yake tufe la chuma la kilo tano lililoning'inizwa kwa kamba. Kwake hilo lilikuwa la kuwafurahisha wageni tu. Kazi ya kweli iliishia kwenye kijiti. Akachukua kofia bila kuchagua, akaivika gogo, akamwita Kitufe.

"Vuta kamba."

Kitufe alivuta. Tufe lilipanda mpaka urefu wa mtu aliyeinua mkono. Alimtazama mama mkwe wake, mara moja tu, usoni, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Unangoja nini? Achia!"

Tufe likashuka. Kofia haikubonyea, wala haikuchanika kwa taabu. Ilikatika kutoka tundu hadi tundu, safi, kana kwamba imekatwa kwa kisu, na tufe likatua juu ya gogo kwa kishindo.

"Nyingine," alisema Mama Vunja. 

Ya pili ilikatika vilevile. Ya tatu pia. Fundi mkuu aliokota kipande, akaingiza ukucha kwenye ukingo, na plastiki ikabambuka tabaka kwa tabaka, ikimdondokea kwenye viatu. Kwa mkono wa pili alikuwa akigusa lile kovu juu ya sikio.

"Hizi ndizo mlitaka niwavishe watu wangu," alisema.

Bosi alimgeukia mpwa wake. "Mshenga umetia kiasi gani?"

"Mjomba, mama alipima! Muhuri upo, tazama, umegongwa! Vijiti vyote vilipita!"

Kwa mara ya kwanza tangu arudi masomoni, Bwana Changanya alikuwa amesema kweli tupu, na Mama Vunja akamchukia kwa hilo kuliko kwa upumbavu wake wote.  Bosi alimtazama yeye, kisha alama ya muhuri kwenye gunia la punje lililokuwa karibu, kisha akamtazama Kitufe.

"Wewe ndiye unayezitoa kwenye mashine. Moja baada ya nyingine, mia nane. Hukuona kitu?"

Kitufe alikuwa bado ameshika kamba.

"Sikuona, bosi," alisema. Kisha: "Labda ni mimi. Nilipunguza joto ili kazi iende haraka. Joto likiwa dogo, plastiki haikutani vizuri. Punje hazina kosa. Vijiti vya mama vilikuwa sawa."

Maneno yale yalikuwa mengi kuliko aliyoyasema mwezi mzima, na yote yalikuwa ya uongo. Mama Vunja alipita mbele ya mashine ile kila siku. Mshale wa joto haukuwa umesogea hata nukta moja. Lakini Bosi hakujua. Uongo ulimwingia vizuri, kwa sababu ulimpunguzia kazi: hakuhitaji kumfukuza mpwa wake wala kumwaibisha mpimaji wake wa miaka ishirini na miwili, na aliyebaki alikuwa mtu wa kubonyeza kitufe.

"Basi kachukue vitu vyako," alisema Bosi. "Kazi huna."

"Haya, bosi."

Akaanza kuifunga ile kamba kwenye msumari wake, polepole, fundo la kwanza, fundo la pili, kama mtu atakayeikuta kesho. Mama Vunja alimtazama. Hakuna aliyemtazama yeye tena. Muhuri wake ulikuwa salama mfukoni. Angeweza kwenda nao nyumbani jioni, na Jumatatu angepiga nyundo kama kawaida, na kijiti kisingekuwa kimesema uongo kamwe. Alichotakiwa kufanya ni kunyamaza, na kumwona mkwewe akipiga mswaki kila asubuhi bila pa kwenda.

Alijidharau ghafla, kwa dharau yake yote ya miaka ishirini na miwili, na haikuwa ndogo.

"Muongo!" alisema.

Kitufe akageuka.

"Muongo mkubwa wewe! Joto hukuligusa. Bosi, huyu aliniletea kofia Jumatano. Akaniambia habari ya mstari wa tundu, akaniambia vijiti vyangu havina tundu, kwa adabu zote, na shikamoo juu. Nikamwambia akabonyeze kitufe. Hata kuishika kofia sikuishika." Akamgeukia Bwana Changanya, kwa kuwa hakutaka apate nafuu bure. "Na wewe nusu yako ya mshenga ni ujinga, lakini ujinga wako niliugongea muhuri mimi."

Akautoa muhuri mfukoni, akauweka juu ya gogo, kati ya vipande vya njano. Fundi mkuu aliwaita vijana wake, akapanda lori tupu, akaondoka. Hakusema kama atarudi.

Kofia mia nane zilisagwa zote. Bwana Changanya alihamishiwa ofisini, kwenye simu, mahali ambapo hakuna kinachoyeyuka. Kitufe alipewa jiliwa, nyundo na muhuri, na jambo la kwanza alilolifanya ni kuitoboa kalibu ya vijiti na kuitia msumari katikati, ili kila kijiti kitoke na tundu lake. Mama Vunja aliomba arudishwe kwenye beseni. Bosi alidhani anatania.

Akarudi. Maji yaleyale, ndoo zilezile, inayoelea huku, inayozama kule. Waosha plastiki walicheka siku mbili, siku ya tatu wakaanza kumwuliza, naye akawajibu kwa msonyo mfupi, maana mrefu aliona hastahili kuutoa tena. Nyumbani binti yake alimwambia, "Mama, angalau sema naye." Mama Vunja akajibu kwamba yeye na mkwewe wanazungumza vya kutosha, asubuhi shikamoo, marahaba, watu wengine hawana hata hizo.

Wiki ya tatu ulikuja mzigo wa kwanza mpya, mshenga kilo tano kamili. Nailoni na polipropilini za mzigo ule alizitenganisha Mama Vunja kwa mikono yake, na alijua hakuna kosa. Alikuwa ameinama kwenye beseni alipoona viatu vya Kitufe mbele yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

Alikuwa ameshika kijiti kilichovunjika. Kilikuwa kimekatikia kwenye tundu.

"Mama, mzigo huu haupiti."

Mama Vunja akainuka, maji yakimtiririka mpaka kwenye viwiko. Midomo ilikuwa imeshajikusanya kwa msonyo wa tatu. Watu wa beseni wakaacha kuosha.

"Nimeutenganisha mimi," alisema.

"Najua, mama."

"Hata kipande kimoja cha plastiki nyingine hakikunipita."

"Kuna kipande kimepita, mama. Nimevunja ishirini. Vitano vimekatika hivi." Macho, kwa mazoea, yalikuwa chini. Lakini miguu haikurudi nyuma. "Haupiti."

 Mama Vunja akafuta mkono wake wa kulia kwenye aproni, mbele na nyuma, ukakauka. Akaunyoosha, akakipokea kile kijiti, akainua miwani apate kuona penye tundu.